Mbung'o, Boma na Pori: Elimu, Mamlaka na Mazingira katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya maadhimisho ya miaka mia ya usharika, Keza)



Vitabu vya jubilei huandika habari za watu: nani alifika kwanza na Injili, nani alibatizwa, kengele ililetwa na nani, na kanisa la nyasi liligeuka lini kuwa kanisa la matofali. Ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, ardhi ambayo kanisa limesimama juu yake nayo ina historia yake, na historia hiyo ni nadra kuandikwa na watu wanaoilima.

Mgeni anayesafiri kutoka Biharamulo kuelekea Ngara hupita katika mapori marefu yasiyo na moshi wa jiko wala sauti ya jogoo, kisha huingia katika nchi ya vilima, migomba na nyumba zilizokaribiana. Huuliza, kama ilivyo haki yake kuuliza, kwa nini upande mmoja watu wamebanana hata mashamba hayatoshi, na upande mwingine hakuna mtu. Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kule ni pori tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Jibu hilo ni jepesi, na kwa sehemu isiyo ndogo si la kweli. Pori lile limefanywa kuwa pori. Limefanywa na ugonjwa wa ng'ombe, na mdudu mdogo, na amri zilizotiwa sahihi mbali sana na Keza, na elimu ya wataalamu ambao walijua mambo mengi lakini hawakuuliza yote yaliyopasa kuulizwa.

Mada hii inaeleza jinsi sayansi, mamlaka ya utawala na mazingira vilivyokutana katika nchi hii kwa muda wa zaidi ya karne moja. Jambo linaloonekana katika kila kipindi ni kwamba elimu haikufika peke yake hata mara moja. Ilifika imeshikana mkono na mtawala. Na mtawala alichukua ile sehemu ya elimu iliyomruhusu kuamuru, akaiacha ile sehemu iliyomtaka kwanza aulize.

Nchi kabla ya mbung'o kuenea

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa Karagwe na Mfalme Rumanyika, kule Bweranyange. Habari alizoandika ni za nchi yenye watu, chakula na ng'ombe wengi. Si vema kuzipokea habari za wasafiri wa namna hiyo bila uangalifu, maana waliona kile walichoonyeshwa. Lakini katika jambo hili la ng'ombe hakuna sababu ya kumkatalia. Miaka thelathini hivi baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa.

Sotoka iliingia katika Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini kwa kasi ya kutisha, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kuzifikia nchi za Maziwa Makuu. Mahali pengi inakadiriwa kuwa ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Baada ya sotoka zikaja ndui na njaa, na funza, mdudu aliyeletwa Afrika kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki katika miaka ya 1870, naye akafika katika nchi za ziwani katika miaka hiyo hiyo ya taabu na kulemaza miguu ya watu waliohitaji kulima. Ilikuwa katikati ya maafa hayo, mwaka 1890, kwamba Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba. Ni vizuri kuzingatia mfuatano huo wa miaka. Ukoloni haukuikuta nchi hii katika nguvu zake. Uliikuta imeanguka, nao ukadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ng'ombe walipokufa, nini kilitokea kwa ardhi? Ng'ombe hula nyasi na kukanyaga machipukizi. Mchungaji wa ng'ombe huchoma nyasi kwa wakati wake. Mkulima hukata miti kwa ajili ya shamba, boma na kuni. Vyote hivyo vikikoma, vichaka hurudi. Wanyama wa porini kama nyati nao waliuawa na sotoka, lakini walizaliana na kurudi upesi kuliko ng'ombe wa watu maskini. Basi kulikuwa na vichaka, kulikuwa na wanyama, na palipo na kivuli cha miti na damu ya wanyama, hapo mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hupata makao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mbung'o wa porini waliendelea kusonga mbele katika nchi ambazo zamani zilikuwa za malisho, pamoja na sehemu za Karagwe.

Huyo mbung'o anastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa wengi wameumwa naye bila kumfahamu. Dume na jike wote hunywa damu. Jike hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea buu mmoja ndani ya tumbo lake kwa muda wa siku tisa au kumi, kisha humzaa akiwa amekwisha kukua. Buu huyo hujichimbia katika udongo laini wa kivulini, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa nzi kamili. Kwa hiyo mbung'o huzaa polepole sana kuliko wadudu wengi. Ukiondoa kivuli, udongo wake hukauka na buu hufa. Ukiondoa wanyama anaowanyonya, huondoka au hufa njaa. Ni mdudu anayeweza kushindwa na watu wanaolima na kuchunga kwa utaratibu, hata kama hawana darubini.

Daktari Koch na dawa ya arseniki

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Wataalamu waliotumwa Entebbe, Aldo Castellani na baadaye David Bruce, waliutambua mdudu wa damu anayesababisha ugonjwa huo, na mwaka 1903 ikathibitishwa kwamba mbung'o ndiye anayeueneza. Huo ulikuwa ushindi wa kweli wa elimu, wala haifai kuudharau.

Mwaka 1906 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, bingwa wa bakteria aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Aliweka kambi yake katika visiwa vya Sese na kuwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupona, wakaja kwa mamia. Kisha ugonjwa ukarudi, na Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka wasipate kuona tena. Kipimo kikubwa kikaachwa, lakini atoksili yenyewe iliendelea kutumika, na kambi za malale zikaanzishwa katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, mojawapo ikiwa Kigarama katika Kiziba, wilaya ya Bukoba. Koch alishauri pia kufyeka vichaka vya ufukweni, kuwatenga wagonjwa, na hata kuwaangamiza mamba, kwa kuwa aliamini kwamba damu yao ndiyo chakula kikuu cha mbung'o wa ziwani.

Wanahistoria wa tiba wameandika kwamba wagonjwa wengi walizikimbia kambi hizo. Maafisa wa wakati ule waliuita ujinga. Lakini mtu aliyemwona jirani yake akienda kambini akiona na kurudi akiongozwa kwa fimbo hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha kuogopa. Alikuwa amepima, kwa namna yake, matokeo ya jaribio.

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 dawa iligeuka kuwa silaha ya siasa waziwazi. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilikuwa imegundua dawa bora zaidi, iliyojulikana kwanza kama Bayer 205 na baadaye Germanin, na muundo wake ukafichwa. Wako Wajerumani waliosema hadharani kwamba siri hiyo itumike kuwadai washindi wa vita warudishe makoloni. Mabishano hayo yalipungua nguvu baada ya mkemia Mfaransa Ernest Fourneau kuufumbua muundo huo na kuutangaza mwaka 1924. Wagonjwa wa malale wa Afrika ya Mashariki hawakuulizwa lolote katika mabishano hayo.

Kukusanywa kwa watu

Waingereza walipoishika Tanganyika walikutana na malale ya aina nyingine, ile inayoenezwa na mbung'o wa porini, nayo huua upesi zaidi. Mwaka 1922 ilizuka Maswa, na katika miaka iliyofuata ikaonekana katika nchi za magharibi. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ulioibadilisha sura ya nchi hii kuliko kitu kingine chochote kabla ya mwaka 1994.

Fikra yake ilikuwa ya kisayansi na iliyo rahisi kueleweka. Watu waliotawanyika porini, nyumba mbili hapa na tatu kule, huumwa na mbung'o kila wanapokwenda mtoni, shambani au kurina asali. Watu wakikusanywa mahali pamoja kwa wingi wa kutosha, kilimo chao chenyewe kitaondoa vichaka, mbung'o watarudi nyuma, na mganga ataweza kuwapima wote. Daktari George Maclean, afisa aliyesimamia kazi ya malale, aliusimamia mpango huo kwa bidii, na makazi ya kukusanyia watu yakaanzishwa katika sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika. Familia ziliamriwa kuhama. Mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa ili mtu asirudi. Nchi iliyoachwa ikapigwa marufuku.

Je, mpango huo uliokoa maisha? Ndiyo, katika makazi mengi wagonjwa walipungua. Hili lisemwe bila kusitasita, maana ni rahisi mno kwa kizazi cha leo, ambacho hakijazika watoto kwa malale, kuwacheka waliokipigania kizazi cha jana. Lakini hesabu ya pili haikufanywa kwa makini kama ile ya kwanza. Ilihesabiwa idadi ya wagonjwa ndani ya makazi. Haikuhesabiwa migomba iliyoachwa, makaburi yaliyofunikwa na miti, mizinga ya nyuki, wala visima. Na zaidi ya yote, nchi iliyohamwa haikubaki kama ilivyokuwa. Iligeuka pori kweli kweli, ikajaa wanyama, na mbung'o wakaongezeka humo. Mpango uliokusudia kuwatenga watu na mbung'o uliwapa mbung'o urithi.

Wakati huo huo, kule Shinyanga, Charles Swynnerton alikuwa akijaribu njia nyingine. Historia ya mtu huyu ina kichekesho ndani yake: mwaka 1919 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, mlinzi wa wanyama, na mwaka 1929 akawa mkuu wa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, ambamo wenzake wengi walitaka wanyama hao hao wauawe. Swynnerton aligundua kwamba watemi na watu wao wanaweza kufyeka vichaka kwa pamoja na kuutwaa tena mpaka uliopotea, na kwamba nyasi zikizuiwa zisichomwe mpaka mwisho wa kiangazi, moto unaokuja mwishoni huwa mkali na kuunguza vichaka. Alifia katika ajali ya ndege mwaka 1938. Wasukuma walifyeka kwa sababu walitaka kurudisha malisho ya ng'ombe wao. Mtaalamu alikuta nia ambayo tayari ilikuwapo. Huo ndio mfano bora zaidi wa kipindi kile, na inasikitisha kwamba haukufuatwa kila mahali.

Aliyeyafikiri mambo haya kwa kina kuliko wengine ni John Ford, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, aliyefanya kazi katika idara hiyo. Pamoja na R. de Z. Hall aliandika historia ya Karagwe iliyochapishwa mwaka 1947 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Na mwaka 1971 kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu malale na nagana katika ikolojia ya Afrika. Ford, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwawinda mbung'o kwa mshahara wa serikali, alifikia uamuzi mgumu kwa watu wa kazi yake: kwamba Waafrika kabla ya ukoloni walikuwa wamejua kuishi jirani na mbung'o, kwa kulima, kuchunga, kuwinda na kuchoma nyasi, hata wakaweka mpaka kati ya nchi ya watu na nchi ya wanyama, kwamba kuguswa kidogo kidogo na ugonjwa kando ya mpaka huo kuliwasaidia watu na ng'ombe kuustahimili, na kwamba maafa ya miaka ya 1890 pamoja na amri za wakoloni yaliubomoa mpaka huo. Wataalamu, alisema kwa maneno mengi, walikuwa wakiushambulia ugonjwa huku wakiharibu utaratibu uliokuwa umeuzuia.

Mwaka 1977, Mnorwe Helge Kjekshus, aliyekuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchukua mjadala huo na kuueneza Tanganyika nzima katika kitabu chake kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika ya Mashariki. Wako waliomsahihisha baadaye, wakisema aliipamba mno hali ya kabla ya ukoloni. Pengine ni kweli. Njaa na vita vilikuwapo. Lakini hoja kuu ya Ford na Kjekshus, kwamba pori ni matokeo ya historia, haijapinduliwa.

Vijiji

Mwaka huo huo wa 1977 Kjekshus alichapisha pia makala kuhusu vijiji vya Tanzania, na haikuwa kwa bahati. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 Watanzania wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na mwaka 1974 operesheni zikaanza. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji haviwezi kumfikia kila mtu akiwa peke yake kilimani. Matunda yake yapo. Wengi wa wazee wa leo walisoma katika shule hizo. Hata hivyo, Kjekshus alitahadharisha kuhusu gharama za kimazingira. Mashamba yaliyo karibu na kijiji huchoka, kuni huisha, na mashamba ya zamani yaliyo mbali hurudi kuwa vichaka. Aliyesoma habari za makazi ya malale aliweza kulitabiri hilo, lakini ni wachache walioulizwa.

Hapa inafaa kugusia jambo linalolihusu kanisa. Mafundisho ya Kilutheri kuhusu tawala mbili yanatambua kwamba serikali ni kazi ya Mungu na kwamba Mkristo anapaswa kuitii katika mambo yake halali. Mara nyingi mafundisho hayo yametafsiriwa kwamba mambo ya ardhi, misitu na uhamisho ni ya serikali peke yake, na kanisa libaki na mimbari. Luther mwenyewe hakuishi hivyo. Aliwaandikia watawala wa Ujerumani na kuwakemea kwa majina. Kutii si kunyamaza, na usharika wenye watu wanaojua mahali kila chemchemi ilipo una elimu ambayo serikali haina.

Mwaka 1994

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa zipatazo ishirini na nne, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Baada ya muda wakimbizi walizidi idadi ya wakazi wa wilaya nzima. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kuliko karibu miji yote ya Tanzania kwa wakati ule. Wenyeji waliwapokea. Mashirika yakaja, miongoni mwao TCRS, shirika la wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ushirikiano na Shirikisho la Kilutheri la Dunia.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria baadaye kwamba kambi za Kagera zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Wataalamu walipiga picha kutoka angani, wakachora ramani za miti iliyokatwa, wakaleta majiko ya kuokoa kuni na miche ya kupanda. Katika pori la akiba la Burigi wanyama walipungua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya uwindaji. Vipimo hivyo vilikuwa sahihi. Lakini kambi zilikuwa zimekwekwa pale zilipowekwa kwa sababu za siasa na usalama: karibu na mpaka, karibu na barabara ambayo malori ya chakula yangeweza kuipita. Na chakula kilichogawiwa kilikuwa pamoja na mahindi makavu na maharagwe, ambavyo huhitaji kuchemka kwa saa nyingi. Mama wa Kinyarwanda aliyekata mti Ngara hakuwa adui wa mazingira. Alikuwa akikipika chakula alichopewa, mahali alipoambiwa akae. Lawama ya mti ule inapaswa kugawanywa kwa haki.

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na shirika hilo la wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Walirudi, wengi wao wakisindikizwa na askari. Warundi walibaki Lukole kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Vilima vilivyokatwa vilianza kuchipua, kwa kuwa miti mingi ya miyombo huchipua tena kutoka katika visiki ikiachwa. Hilo nalo wenyeji walilijua kabla ya mtu yeyote kuleta mche.

Hifadhi na madini

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ni zawadi kubwa kwa taifa. Wanyama wanaweza kurudi katika idadi yao, na watalii wanaweza kuleta fedha. Lakini vipeperushi vya watalii huiita nchi hiyo nyika isiyoguswa na mwanadamu, na kwa maneno hayo historia yote iliyoelezwa hapa hufutwa kwa sentensi moja. Mfugaji anayeambiwa kwamba yeye ndiye mvamizi wa pori anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyechunga pale pale kabla ya sotoka, au aliyehamishwa kwa amri ya malale. Kusema hivyo si kudai hifadhi ivunjwe. Ni kudai kwamba mazungumzo kuhusu mipaka yaanze na ukweli. Taifa lilikwisha kuona mwaka 2013, katika Operesheni Tokomeza iliyolenga majangili, jinsi nia njema ya kuwalinda tembo ilivyoweza kuwaumiza raia wasio na hatia. Taarifa ya kamati ya Bunge ilisababisha mawaziri wanne kuondolewa mwezi Desemba mwaka huo.

Sasa Ngara ina jambo lingine. Chini ya vilima vya Kabanga iko nikeli, iliyojulikana tangu utafiti wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na wawekezaji, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Nikeli hiyo inatakiwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, ili mataifa yapunguze moshi unaoongeza joto la dunia. Basi kwa mara nyingine sayansi iliyo sahihi inafika Ngara, na kwa mara nyingine imefika pamoja na mkataba, ramani na orodha ya familia zinazopaswa kuhama. Tofauti ni kwamba safari hii iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotaka athari zichunguzwe na wananchi washirikishwe. Wala mwananchi hahitaji kungoja mpaka ajue Kiingereza. Kanuni zinataka uwepo muhtasari kwa Kiswahili usio na maneno ya kitaalamu.

Iko hatua moja isiyohitaji shahada. Nikeli ya Kabanga imo katika mwamba wenye salfa nyingi, na mwamba wa namna hiyo ukivunjwa na kukutana na hewa na mvua huweza kutoa maji yenye asidi yanayobeba metali. Maji ya Ngara hushuka Ruvubu na Kagera mpaka Ziwa Victoria. Kila kijiji kilicho chini ya mgodi kinaweza kudai kwamba maji ya visima na mito yake yapimwe kabla mwamba haujaanza kuvunjwa, na kwamba nakala ya matokeo, yenye tarehe na sahihi ya aliyepima, ibaki katika ofisi ya kijiji. Kipimo cha kabla huchukuliwa mara moja tu. Mgodi ukiisha kuanza, hakuna maabara inayoweza kurudi nyuma kukichukua.